Maji ya Saa Sita Mchana

Fundi wangu wa umeme amefariki. Tumemzika juzi kwao Kigwa, na ninyi wasomaji wangu wa siku nyingi mnamfahamu bila kumwona, maana ndiye yule niliyemcheka humu humu kwamba alifunga mitambo ya kumwagilia bustani ikawaogesha wakwe zangu. Mtaniwia radhi nikikirudia kisa kile leo, kwa sababu kilikuwa na kasoro moja: nilidanganya.

Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, watani tangu enzi za misafara, wazee wao walipokuwa wakipita kwetu na mizigo mabegani kuelekea pwani. Nilipohamia Tabora tulianza siku ile ile. Mimi namwita mpagazi, yeye ananiuliza lini nitarudi kwetu nikacheze ngoma. Lakini kazini utani aliuacha nje ya geti. Kila waya aliupitisha ndani ya bomba, kila kiungo akakifunga kisiingie maji, vinyunyizio akavipanga kwa kamba kama anapanda mahindi. Mwisho akafungua kiboksi cha saa, akaweka 6:00, akanionya: "Mtani, maji yatafunguka yenyewe kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Sasa hapa usiguse. Nakujua."

Nikagusa, jamani! Ilikuwa Jumamosi, kesho yake wanakuja watu kumposa binti yangu, nami nataka nyasi zing'ae. Nikaiona ile 6:00, nikajisemea, hawa wapagazi bwana, huyu si kaweka saa sita mchana! Mimi msomi nikabonyeza mpaka 12:00, eti saa kumi na mbili asubuhi, nikafunga kiboksi na kifua mbele. Jumapili, saa sita kamili, wageni wamekaa kwenye nyasi, pilau ndiyo kwanza inafunuliwa, vinyunyizio vikaanza kazi. Kumbe kiboksi kinahesabu saa za Kizungu! Baba wa kijana alilowa kanzu mpaka kofia. Akaniuliza kwa upole wa kutisha, "Mzee, ndiyo mnatufukuza?"

Fundi alikuwepo, nilimwalika. Akakimbilia kiboksi, akaiona ile 12:00, akanitazama. Mimi nikatazama pilau. Akazima, akawageukia wageni: "Wakwe, tuwieni radhi. Nimekosea saa, kosa ni langu." Wakacheka, posa ikapita. Nami badala ya kumshukuru nikakifanya kisa kitoweo cha kila baraza, kisha cha safu hii. Hakunikanusha hata mara moja. "Mtani anakula jina langu," alikuwa akisema, "mwacheni ashibe."

Msibani watani tulifanya yetu. Mmoja alijilaza kaburini akagoma kutoka, mwingine akaiga mwendo wa marehemu. Zamu yangu ilipofika nikasema kweli: "Aliyekosea saa ni mimi!" Watu wakavunjika mbavu. Nikarudia, machozi yananitoka, wakacheka zaidi, na bwana mmoja akanipigia makofi kwa kuigiza vizuri. Kumbe mtani hata kuungama hawezi.

Asiyecheka alikuwa binti wa marehemu, naye fundi umeme, kazi kafunzwa na baba yake. Baada ya mazishi akanifuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Uliyosema pale ni kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kila nyumba ninakoomba kazi mjini wananiuliza kama na mimi nitawaogesha wageni," akasema. "Baba hakutuambia. Hata mimi nilikuwa namcheka."

Nimeona aibu nyingi maishani, hiyo imezipita zote. Sisi wenye nyumba ndivyo tulivyo: taa ikiwaka ni akili yetu, isipowaka ni fundi. Tunamcheka mchana, jioni tumesahau, na yeye kesho anapita mlango kwa mlango na jina tulilompa. Nilidhani namtania mwenzangu, kumbe nawanyima wanawe kazi.

Basi nasema bila utani wowote: fundi yule hakukosea saa, nilikosea mimi. Mwenye kazi ya umeme amwite binti yake, mikono ni ile ile. Na wewe ambaye kosa lako limebebwa na mwingine, nenda kalichukue leo, angali anaweza kukusikia.