Sauti ya Clifford Katika Kipindi Kilichopotea

Kwa miaka hamsini Avril Entwistle aliamini kwamba baba yake ndiye aliyeharibu dakika tamu kuliko zote zilizowahi kuonyeshwa kwenye televisheni. Wala hakuwa peke yake. Mashabiki wa kipindi cha *Meli ya Kesho* walitapakaa kuanzia Manchester mpaka Glasgow, na wengi wao hawakuwahi kumtia machoni mzee Clifford, lakini walimlaani kana kwamba aliwaibia wao.

Mambo yalianza jioni moja ya Jumamosi, mwezi Novemba 1967, katika nyumba ya matofali mekundu kwenye mji wa viwanda vya nguo, Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Avril alikuwa na miaka kumi na mmoja. Clifford, fundi wa mitambo ya kufuma, alikuwa ameokota, miezi kadhaa nyuma, kinasa sauti kilichotupwa na ofisi ya kiwanda, akakifungua chote mezani, akakiunga upya mpaka kikafanya kazi. Kuanzia hapo kila Jumamosi saa kumi na moja na robo Avril alibana kipaza sauti kwenye mgongo wa kiti kwa kibanio cha nguo, akakielekeza kwenye televisheni, akatoa amri: mtu asiongee. Mama yake, Edna, aliacha hata kuchoma mikate. Aliandaa maharage na mkate laini, kwa sababu mkate uliokaushwa ulilia mdomoni na Avril alimkodolea macho.

Jumamosi ile *Meli ya Kesho* ilitua Lancashire yao wenyewe, miaka mia mbili nyuma. Nyumba zote za mtaa zilikuwa zinatazama, maana mvumbuzi aliyekuwa anaonyeshwa ni Josiah Fairclough, yule yule ambaye sanamu yake ilisimama mbele ya ofisi za mji ikinyewa na njiwa. Fairclough wa televisheni alivaa wigi lenye mikunjo na soksi za hariri. Majitu ya chuma kutoka sayari nyingine yalivamia kiwanda chake. Yeye akauvuta mkono wa chuma, kifaa alichosifiwa kukivumbua, kinachousimamisha mtambo uzi unapokatika, na majitu yakanaswa na nyuzi kama nzi kwenye utando wa buibui. Nahodha wa Meli akamkaribia, akamuuliza aliwezaje kuwaza jambo kubwa namna ile. Fairclough akafumbua kinywa kujibu.

Hapo ndipo Clifford alipoongea.

Aliongea kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na kelele za mitambo mia nne. Alipomaliza, Fairclough naye alikuwa amemaliza, na majina ya waigizaji yalikuwa yanapanda. Avril alilia mpaka akapata kwikwi. Alimwambia baba yake kwamba ni heri asingekuwepo.

Jumamosi iliyofuata Clifford alichukua sahani yake akaenda kula jikoni. Alitia mafuta bawaba za mlango ili usilie, akaufunga taratibu. Alifanya hivyo Jumamosi zote za miaka miwili, mpaka kipindi kilipokoma. Avril akapata tepu safi, zisizo na hata kikohozi. Clifford alikufa Avril alipokuwa na miaka kumi na tisa, vumbi la pamba likiwa limemjaa mapafuni.

Kisha, kama mlivyokwisha sikia kwa vituo vingi vya zamani, wenye televisheni walifuta kanda zao ili wazitumie tena. Miaka ilipopita, vipindi vya *Meli ya Kesho* vikaanza kuonekana kimoja kimoja, kingine stoo ya kanisa, kingine ng'ambo. Vyote vile ambavyo Avril alivinasa kwa utulivu mkuu vilirudi, tena na picha zake. Kimoja tu hakikurudi. Kilikuwa cha Fairclough, na duniani kote sauti yake ilibaki kwenye tepu ya Avril tu.

Nakala za tepu ile zilizunguka miongoni mwa mashabiki, nakala ya nakala, mpaka sauti ya Clifford ikageuka mngurumo usio na maneno. Wakauita hivyo hivyo, Mngurumo. Avril mwenyewe hakuyakumbuka maneno, maana siku ile alisikia kelele tu, na kila alipoicheza tepu aliiruka sehemu ile. Waliandika makurasa kwa makurasa wakibishana Fairclough alijibu nini. Wengine walisema alimshukuru Mungu, wengine walisema alimshukuru Nahodha. Avril, aliyefanya kazi miaka thelathini katika jiko la shule, alihudhuria mikutano ya chama chao akivumilia utani. Mwenyekiti, Roland Pickup, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, alipenda kumtambulisha kuwa ni binti wa redio isiyozimika.

Miaka hamsini ilipotimia, chama kiliamua kukitengeneza upya kipindi kile kwa sauti ya tepu ya Avril na picha za kuchorwa, kikionyeshe kwenye mkutano mkuu na kukitoa kwenye diski. Avril akapeleka tepu yenyewe ya asili, ambayo hakuwa na mashine ya kuichezea tangu miaka ya sabini, kwa Nadeem Akhtar wa Blackburn. Nadeem alikuwa mwanachama, na riziki yake ilikuwa kurekodi harusi. Mtu aliyezoea kutenganisha kiapo cha bwana harusi na vilio vya mashangazi hakushindwa na tepu ya chumba kimoja.

Baada ya wiki mbili alimwita.

"Bi Avril, kaa kwanza," alimwambia, akamvika vidude vya masikioni.

Alisikia Nahodha akiuliza. Kisha, safi kana kwamba amesimama nyuma ya kiti, akamsikia baba yake.

"Hakukitengeneza huyo. Hannah Duckworth ndiye aliyekitengeneza, mfumaji wake. Mtazameni mikono, haina hata kovu."

Kisha sauti kali ya mtoto: "Baba, nyamaza!"

Na Clifford tena, taratibu: "Samahani, mwanangu. Lakini ni Hannah."

Avril aliomba arudie. Nadeem alirudia mara tano bila kuuliza sababu. Ile ndiyo sauti pekee ya Clifford iliyobaki ulimwenguni, kwa kuwa Jumamosi nyingine zote alikuwa nyuma ya mlango uliotiwa mafuta.

Na jina la Hannah Duckworth Avril alilijua. Wazee wa kiwandani walilitaja, kwamba alikuwa mwanamke aliyekatwa vidole viwili na mtambo, akakaa nyumbani akibuni namna ya kuusimamisha uzi unapokatika, usimkate mwingine. Sanamu hana. Hata kichochoro hakikuitwa kwa jina lake. Mji mzima ulilijua jambo hilo na mji mzima ulilinyamazia, kwa sababu waliojua walikuwa na mafuta mikononi na walioandika walikuwa na wino.

Roland hakuyaona hivyo. Alifurahi kwamba maneno yamesikika, maana kinachosikika, alisema, kinafutika. Nadeem akamweleza kwamba anaweza kumtoa Clifford, lakini chini yake jibu la Fairclough halipo, kumebaki shimo. Roland akawa na dawa tayari: mashabiki wapige kura jibu liwe lipi, kisha wamtafute mwigizaji mwenye sauti inayofanana.

"Hapana," Avril akasema. "Kama baba yangu hayumo, tepu yangu haimo."

Roland alimbembeleza. Akaahidi kwamba sauti ya familia itawekwa mwishoni mwa diski, kama nyongeza.

"Roland, nyongeza ndiko mnakotupa vitu ambavyo hamtarajii mtu avitazame."

Habari zikawafikia wanachama, na simu ya Avril haikupoa. Waliomsihi walikuwapo, na waliomtukana walikuwa wengi zaidi. Mmoja wa Leeds alimwandikia kwamba shabiki wa kweli angeweka kipindi mbele ya familia yake. Avril alikaa na ujumbe ule asubuhi nzima, akajibu mstari mmoja: "Nilifanya hivyo nikiwa na miaka kumi na mmoja."

Siku ya mkutano mkuu, mchana, ukumbi wa Manchester ulijaa watu kama mia tatu, wengine wamevaa mavazi ya majitu ya chuma. Makubaliano yalikuwa kwamba kipindi kichezwe kama kilivyo, kisha wapige kura. Avril alikuwa amemwambia Roland waziwazi kwamba wakikataa atarudi na tepu yake nyumbani kwa treni ya saa kumi. Hakuwa anatishia. Tikiti ilikuwa mfukoni.

Majitu yakanaswa, watu wakashangilia. Nahodha akauliza, ukumbi ukavuta pumzi. Clifford akasema yake. Kwenye "Baba, nyamaza" kicheko kililipuka, hata Avril mwenyewe akacheka. Lakini iliposikika ile samahani, kicheko kilikatika kama uzi. Mama mmoja safu ya mbele aliuliza kwa sauti huyo Hannah ni nani. Mwingine akasema kipindi chenyewe kilimtaja Fairclough tu. Wa tatu akamkejeli kwamba tangu lini waandishi wa televisheni wamekuwa mashahidi wa historia. Baada ya dakika kumi hakuna aliyekuwa akiuliza Fairclough alijibu nini. Walikuwa wanabishana juu ya vidole viwili vya mwanamke.

Si wote. Yule mtu wa Leeds alisimama akasema amesubiri maisha yake yote asikie sentensi moja, na sasa anapewa makelele ya sebuleni. Watu wengi walimpigia makofi, na kwa haki yake alikuwa amesubiri kweli. Akamgeukia Avril, akamwomba angalau, kwa kuwa alikuwepo chumbani, awaambie Fairclough alisema nini.

Avril angeweza kubuni. Wangemwamini mpaka kaburini. Alisimama, mikono imeshika kiti cha mbele.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa namgombeza baba. Na baba alikuwa anasema kweli."

Mikono iliponyanyuliwa, Roland alihesabu mara mbili kwa sababu hakupendezwa na hesabu ya kwanza. Waliotaka Clifford abaki walikuwa mia moja hamsini na nane, waliokataa mia moja thelathini na moja. Akaleta karatasi ya idhini ya kuitumia tepu juu ya meza ya pembeni, akampa Avril kalamu, akamwambia wamalize upesi, awahi treni yake.

Avril aliisoma yote. Alipofika kwenye orodha ya majina yatakayopanda mwishoni, akakoma kusoma.

"Baba hayumo hapa."

"Avril, dada yangu," Roland akasema kwa uchovu, "hayo ni majina ya wasemaji wa kipindi. Clifford hakuwa mwigizaji."

"Kasema au hakusema?"

Roland alimtazama Nadeem, Nadeem akajifanya anakunja waya. Mwishowe mwenyekiti akaichukua kalamu, akaandika jina la Clifford Entwistle pembeni, kwa herufi ndogo. Avril akairudisha karatasi mbele ya Roland. Akamwambia aandike upya, ndani ya orodha, chini ya Nahodha, herufi sawa na za wengine. Akavuta kiti, akakaa kusubiri.