Upepo ulibeba mabati yangu wiki tatu kabla ya ndoa, na majirani nusura waniharibie asiransi kwa wema wao

Wakuu, hodi humu ndani.

Naandika kwa kidole kimoja, polepole, kwa hiyo mwenye haraka apite salama. Mimi ni fundi nguo mzee wa Kasongo, kule Maniema. Ninayosema ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi, aliyekaa kando yangu anasoma kila neno na atanifinya. Huyo mtamjua mbele.

Nimeona wengi humu mnalia kwamba mvua imeezua nyumba na asiransi inawazungusha. Asiransi ndiyo ninyi wa pwani mnaita bima. Basi kaeni, niwape yangu ya wakati wa Wabelgiji, miaka michache kabla ya Uhuru.

Nilikuwa kijana, nina masini yangu moja ya kushona, nina maringo kidogo. Nilikuwa nimemposa Zaina, binti wa Mzee Ramazani wa Kabambare. Mahari imepokelewa, siku imewekwa.

Mzee Ramazani alikuwa mfanyabiashara wa mpunga, mkali kama pilipili. Mbele ya wazee wote alisema hivi: "Mutoto yangu hajalala chini ya majani tangu azaliwe. Tia bati, utamupata. Bila bati, chukua mahari yako urudi Kasongo."

Nikatia. Mabati arobaini, wakuu! Mtaa mzima ulikuwa wa majani, nyumba yangu peke yake inang'aa.

Sasa hapa kuna jambo dogo, lishikeni. Kwetu Kasongo, kila nyumba ya biashara ya mpunga ilikuwa na alama yake. Gunia likienda Kabambare au Kindu, halipotei, alama iko. Ya marehemu baba yangu ilikuwa mwezi mchanga na nukta mbili. Basi mimi nikachukua rangi nyekundu, nikapiga alama ile chini ya kila bati kabla ya kulipigilia.

Watu walinicheka sana. "Fundi, bati zako zinaenda sokoni?" Nikawaambia mali ya mtu ina jina lake.

Mabati yale niliyanunua kwa Mzungu mmoja mwenye duka, na yeye ndiye alikuwa wakala wa asiransi. Akaniuzia karatasi ya Kifaransa, kurasa nne, ya moto na upepo mkali. Nikatia sahihi. Kifaransa nilikijua cha "bonjour" na "merci" tu. Karatasi nikaisukuma kwenye droo ya masini, nikaendelea kushona.

Upepo ulikuja Alhamisi baada ya chakula cha mchana.

Haki ya Mungu, sijaona tena vile. Niliikumbatia masini yangu kwa mikono miwili, macho nimefumba, nasoma kila dua ninayoijua na nyingine nusu nusu. Nilipofumbua, naona mawingu. Paa hakuna! Mbuzi wa jirani amesimama juu ya meza yangu, ananitazama.

Nikacheka, wakuu. Halafu nikamkumbuka Mzee Ramazani, nikalia.

Kesho yake asubuhi, kabla sijanywa hata chai, majirani wakaja. Waislamu, Wakristo, wa mtaa huu na wa mtaa wa pili. Wanaume na mapanga, wanawake na majembe na nyimbo. Wengine walienda kukata miti na majani, wengine wakafagia, wengine wakachoma mbao zilizovunjika. Nyumba ya bwana arusi haiwezi kulala wazi, walisema.

Kwetu anayekuja kusaidia kujenga harudi mikono mitupu. Sikuwa na kitu cha kuwapa zaidi ya wali na samaki wa Lualaba. Basi mabati yaliyopinda na kutoboka nikawaambia chukueni. Wakachukua kwa furaha. Mmoja akafunika kuku wake, mwingine akaziba jiko, Mama Aziza wa nyuma yangu akajengea mlango wa choo.

Jioni paa la majani liko juu, tumeshiba, tumecheza ngoma mpaka magoti yakauma. Nikasema moyoni, asiransi italeta mabati mapya, nitaoa, yameisha.

Jumatatu nikaenda kwa wakala nimevaa shati jipya.

Akaniuliza, "Ulishagusa nyumba?"

Nikajibu kwa fahari, "Ndiyo, bwana. Tumejenga yote siku moja!"

Akafungua karatasi, akaweka kidole. "Hapa iko andikwa, usiguse kitu mpaka mukaguzi atoke Kindu. Sasa nyumba iko na paa. Mukaguzi ataona nini? Asiransi italipa nini?"

Bila asiransi hakuna bati. Bila bati hakuna Zaina. Na mimi mwenyewe ndiye niliyewapikia wali watu waliofuta ushahidi wangu!

Nilituma neno Kabambare, nikamweleza mzee ukweli. Nilitegemea anirudishie mahari. Badala yake, siku ya nne kamiyo, lori la mpunga, ikasimama kwa shangazi yake Zaina hapa Kasongo. Akashuka Mzee Ramazani, na nyuma yake binti, amefunikwa mpaka vidole.

Mzee huyu alikuwa ameliwa mpunga wake mara moja kwa karatasi asiyoweza kuisoma. Toka siku hiyo akampeleka Zaina shule ya masista, watu wakimsema kila kona. Akawajibu, "Nataka mutu mumoja mu nyumba yangu asome karatasi za Wazungu."

Lakini desturi ni desturi. Mahari ikishapokelewa, bwana arusi haoni uso wa bibi arusi mpaka siku yenyewe. Wakatundika mkeka katikati ya chumba. Mimi na mzee upande huu, Zaina na shangazi upande ule. Nikapitisha kontra yangu, ile karatasi ya asiransi, chini ya mkeka.

Nasikia kurasa tu zinageuzwa.

Halafu sauti ikasema, "Baba, wakala alisoma mustari nusu."

Ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake, wakuu. Mpaka leo nikiikumbuka nasahau jina langu.

Akatusomea. Usiguse kitu, isipokuwa kazi ya haraka ya kuokoa kilichobaki kisiharibike, ndiyo lile paa letu la majani. Na vipande vilivyoharibika vitunzwe, vioneshwe kwa mkaguzi.

"Vipande viko wapi?" akauliza.

Nikajibu, "Kwa majirani. Viko juu ya kuku."

Nikamsikia akicheka nyuma ya mkeka. Shangazi akamfinya, naye akaendelea kucheka.

Halafu akasema, "Muviache pale pale. Kila jirani aende kwa shefu, karani aandike, huyu alichukua bati ngapi, siku gani, ameziweka wapi. Mukaguzi akifika, azunguke."

Tukafanya hivyo. Foleni kwa shefu, ndiye chifu wetu, ilikuwa ndefu kama ya sukari.

Mkaguzi alifika siku mbili kabla ya ndoa, Mzungu mnene mpole, kofia nyeupe. Tukamzungusha mtaa mzima, wanawake wanapiga vigelegele, wakala nyuma amenuna. Mkaguzi anainama kwenye banda la kuku, anageuza bati, mwezi na nukta mbili. Anaingia jikoni, anageuza, mwezi na nukta mbili. Wakala akasema labda imepakwa jana. Mkaguzi akakwangua kwa kucha, akaona kutu imeshapanda juu ya rangi, akaandika.

Kwa Mama Aziza tukakwama. Alisimama mbele ya choo chake, mikono kiunoni. "Bati nilipewa, sirudishi!" Tulimbembeleza kwamba Mzungu anatazama tu. Akakubali, lakini kwanza mkaguzi abishe hodi. Akabisha!

Yalipatikana mabati thelathini na sita. Mkaguzi akatia sahihi pale pale kwamba asiransi italipa.

Shangwe! Lakini mabati mapya yangefika baada ya wiki nyingi, na ndoa ni keshokutwa. Nikamtazama Mzee Ramazani. Yeye alikuwa anatazama paa langu la majani. Neno lake alilitoa mbele ya wazee, na hakuwa mtu wa kulirudisha.

Siku ya ndoa, asubuhi, nasikia kishindo nje. Natoka, naona mtaa wote unakuja, kila mtu na bati lake kichwani. Wameyanyoosha kwa michi ya kutwangia mpunga. Wakapanda, wakapigilia juu ya chumba cha arusi, mabati yaliyopinda, yenye matundu, mengine yananuka kuku.

Wa mwisho alikuwa Mama Aziza. Mlango wa choo ameusugua mpaka unawaka. "Siku zingine ningekataa," akasema, "lakini mutoto wa watu asilale chini ya majani."

Mzee Ramazani akaingia, akainua macho, akahesabu. Akasema, "Bati ni bati." Akafuta machozi kwa kanzu niliyomshonea mimi.

Somo langu, wakuu: soma karatasi yako kabla ya upepo, na usome mstari mpaka mwisho. Upepo ukipita, toa taarifa kabla hujapanda juu. Funika panapovuja, lakini usitupe kipande hata kimoja. Mashahidi waandikishwe, maneno matupu hayatoshi. Na alama kwenye mali yako, wacha wacheke.

Zaina amemaliza kusoma hapa kando. Anasema nimesahau jambo moja: katika maisha yake yote, karatasi pekee aliyotia sahihi bila kuisoma ni ya ndoa yetu, kwa sababu alikuwa anatazama juu, kwenye bati la Mama Aziza.

Haya, aliyeezuliwa na aweke mkasa wake hapa chini. Karatasi ikikushinda, iandike tu, msomaji ninaye.