Msaidizi Aliyerudisha Barua

Timu yetu ya wanawake hapa Biharamulo imebadilisha makocha wakuu wanne, lakini kocha msaidizi ni yule yule. Huwahi uwanjani kabla yetu, akapanga koni, kisha huchuchumaa kutufunga bendeji vifundoni kwa vidole vyake vinene, huku akiuliza, "Hapa panauma? Na hapa?" Hapazi sauti. Mechi ikianza huketi upande wetu sisi majeruhi, akitueleza taratibu kwa nini beki amechelewa.

Jumatatu iliyopita, baada ya kocha mkuu wa nne kuhamia Ngara, mwenyekiti wetu, Mama Jovina, alikuja uwanjani na barua ya uteuzi, akampa msaidizi wetu. "Mwalimu, safari hii ni wewe. Kamati yote imekubali." Nilikuwa nimekaa pembeni na goti langu ambalo msaidizi analihangaikia tangu Februari. Niliogopa kumpoteza, maana kocha mkuu hana muda na mchezaji asiyeweza kukimbia. Msaidizi aliisoma barua yote, akaikunja, akairudisha kwa mikono miwili. "Nashukuru, Mama. Kocha mkuu anachagua kumi na mmoja. Mimi nimezoea wanaobaki."

"Hutajuta?"

"Mwaka juzi mlipolitaja tu jambo hili, sikulala wiki nzima. Leo nitalala."

Mama Jovina akacheka kidogo, akasema basi watatafuta mwingine. Msaidizi wetu akashusha pumzi, akaja kunishika mkono. "Inuka, leo tunajaribu kukimbia." Tukakimbia polepole mpaka kwenye kibendera cha kona, na goti halikuuma.