Fiasko ya Siku ya Mahari

Mchumba wangu na wazee wake waliswaga ng'ombe wa mahari kutoka Zagayu hadi kwetu, kando ya mji wa Bariadi. Mimi nilikuwa ndani, nimefungwa kanga mpya, nimepakwa mafuta, naambiwa nitulie. Nitulieje? Nilimpenda yule mtu mpaka chakula kilikuwa hakishuki. Nilikaa, nikasimama, nikachungulia dirishani. Shangazi, aliyekuwa anarekodi kwa simu, akanivuta nguo: "Wewe, hebu kaa!"

Kwetu ng'ombe wa mahari hukaguliwa, na kukataa mmoja au wawili ni desturi tu, kuonyesha kwamba binti hakuokotwa. Baba mdogo akanogewa. Huyu anachechemea. Huyu pembe imevunjika. Wageni wakacheka, wakakubali. Kisha akamshika mkia ng'ombe wa kupewa bibi yangu, yule ambaye upande wa mume humchagua wenyewe kwa heshima, akasema mbele ya watu kwamba huyo hata fisi angemwacha. Jamani! Kicheko kikakatika. Babu wa mchumba wangu akainuka, akapiga mluzi, na kundi zima likageuka kumfuata.

Kaka yangu, mwalimu wa Kiingereza huko Maswa, akaja mlangoni ameshika kichwa. "Hii sasa ni fiasko."

"Ndo nini hiyo?"

"Kushindwa vibaya, tena hadharani. Waingereza wamelitoa kwa Waitaliano, kwao maana yake ni chupa. Wengine husema mafundi wa vioo, chombo cha thamani kikiwaharibikia, walikigeuza chupa ya kawaida. Lakini hakuna mwenye uhakika..."

"Ng'ombe wanaondoka, wewe unanifundisha mambo ya chupa!"

Nilitamani kumzaba kofi. Maneno ya dunia nzima anayajua, na la kumwambia baba mdogo anyamaze hakuwa nalo.

Nikatoka. Shangazi akapiga kelele kwamba bibi harusi hatoki nje, lakini nilishafika barabarani, pekupeku. Babu yule akapita bila kuitikia salamu yangu. Mchumba wangu alikuwa nyuma ya kundi, fimbo begani. Nikasimama katikati ya njia, nikamwita. Angesema neno moja tu, ningemfuata hivyo hivyo hadi Zagayu.

Akatazama chini.

"Sogea," akasema, "ng'ombe wapite."

Nikasogea.