Mara Mbili Katika Picha Moja

Studio ilikuwa ghorofani, juu ya karakana ya fundi viatu, na harufu ya gundi ilipanda ngazi pamoja na wateja. Mwenyewe, mpiga picha, alikuwa amefariki mwaka juzi. Kamera zake alizirithi mdogo wake. Kompyuta, na maelfu ya picha zilizomo, zilibaki mikononi mwa mjane wake. Kazi hiyo alikuwa nayo tangu mumewe yu hai: kuzipanga picha kwenye programu ya kuhifadhia, kuziandikia maneno ya kuzitafutia, arusi huku, mahafali kule, mteja akirudi baada ya miaka asiambiwe imepotea. Watu walimwita Mama Picha, ingawa kamera hakuwahi kuibonyeza.

Picha moja tu ilimshinda. Kwenye programu ilikaa kama kisanduku cha kijivu, na chini yake maandishi kwamba faili ni kubwa mno. Ilikuwa picha ya mtaa wao wa zamani. Mumewe aliipiga mtaa ulipoanza kubomolewa kupisha barabara. Alipanda juu ya paa la shule akaupiga kipande kwa kipande asubuhi nzima, kisha akaviunganisha vipande vyote vikawa picha moja, ndefu kama mtaa wenyewe. Alimwahidi mkewe kuichapisha waitundike sebuleni. Maradhi yakamwahi.

Siku moja shemeji mtu, yule mrithi wa kamera, akaingia studio amekunja uso.

"Shemeji, diski imejaa. Nina arusi nzima kwenye kamera, sina pa kuimwaga. Lile dude linakula nafasi na halifunguki. Tulifute tu."

"Dude la kaka yako hilo."

"Najua. Lakini kaka mwenyewe alikuwa hana huruma na picha mbovu."

"Si mbovu. Kubwa."

"Haya, kubwa. Basi lipunguze mwili, maana mimi nimeshindwa kumwambia bwana arusi asubiri."

Mama Picha alicheka shingo upande. Ukweli ni kwamba hakuwahi kujaribu sana kuifungua. Kisanduku kilipokuwa cha kijivu, aliweza kujidanganya kwamba mumewe bado anaishughulikia, kwamba yuko chumba cha pili na kikombe chake cha chai kinapoa.

Akapiga moyo konde. Aliifungua kwa programu ile ile ambayo mumewe aliitumia kuunganishia. Kompyuta ikakoroma kama mgonjwa, kisha picha ikaanza kujichora kutoka kushoto, pole pole: kinyozi, bomba la maji, ukuta wa buluu. Hapo akaelewa tatizo. Programu ya kuhifadhia ilikuwa na kikomo chake cha upana, na mtaa ulikuwa umekipita mbali. Akaamua kuukata vipande, kila kimoja kikubaliwe, kisha avifunge vyote katika fungu moja visitawanyike. Picha yenyewe nzima ataihamishia kwenye diski ya pembeni.

Alikata, akaandika maneno, akakata tena. Alipofika kwenye nyumba yao, mkono ukasita. Mlangoni alikuwa amesimama yeye mwenyewe, beseni kiunoni. Na hatua chache kulia, kwenye kamba ya nguo, alikuwepo tena, gauni lile lile la maua.

Shemeji akainama kutazama. "Ah, hapo kaka alipitiwa. Mtu akitembea wakati unapiga vipande, anatokea mara mbili. Unamfuta mmoja."

"Wengine aliwafuta?"

Shemeji akaikuza picha, akaupitia mtaa wote kwa jicho la kazi. Penye bomba palikuwa na kivuli cha mtu bila mtu. Karibu na kinyozi, baiskeli iliyotokea mara mbili ilikuwa imefunikwa kwa kipande cha ukuta, kwa ustadi.

"Aliwafuta wote," akasema. Akavuta kiti akakaa. "Basi hakupitiwa."

Mama Picha alisogea karibu na skrini. Alikuwa akimtazama yule mwanamke wa kwenye kamba ya nguo. Huyo alikuwa ameinua uso kuelekea paani, kiganja nyuma ya sikio, na sasa Mama Picha alikumbuka. Mumewe alimwita kutoka kule juu, akasema neno, nyundo za wabomoaji zikalimeza. Yeye akampungia mkono: utaniambia ukishuka. Aliposhuka palikuwa na vyombo vya kufunga na gari la kuhamia linasubiri, na neno lile hakuliuliza. Hakuliuliza hata hospitalini, ambako walikaa siku nzima nzima bila la kuzungumza.

Akajiona mjinga kulitamani neno ambalo pengine lilikuwa tu "sogea kidogo". Lakini alilitamani hata hivyo.

"Nikuchapishie?" shemeji akauliza. "Nzima haitoshi kwenye ukuta wowote nyumbani kwako. Hiki kipande tu."

"Kichapishe. Usifute mtu."

Picha nzima ikahamia diski ya pembeni, na nafasi ikapatikana. Shemeji akachomeka kamera, bibi arusi wa watu akaanza kumiminika kwenye skrini, na Mama Picha akavuta kibodi kumwandikia maneno ya kumtafutia.