Gari linatetemeka nikikanyaga mafuta: mafundi wawili wa Kibaha walibahatisha, fundi bajaji wa Kisarawe akauliza maswali manne

Wakuu, salamu kwenu, na dada zangu wachache tuliomo humu nawaona pia.

Haya yamenitokea mwenyewe. Sijatia chumvi, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Mbwawa, Kibaha. Nina kagari kadogo ka automatic, kamezeeka ila kalikuwa hakajawahi kuniangusha.

Baba yangu anaishi Kisarawe. Mwaka huu aliteleza shambani akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji huku Kibaha, akapangiwa kurudi clinic kila baada ya wiki mbili, akaguliwe na afanyishwe mazoezi ya mguu.

Dereva ni mimi. Hakuna mwingine.

Safari ya pili ya clinic, ndiyo kwanza tumetoka nyumbani kwake Kisarawe, nakanyaga mafuta kupanda kilima, gari likaanza kutetemeka.

Sisemi kale kamtetemo ka kawaida. Nasema mtetemo wa mashine ya kusaga, kuanzia sakafuni mpaka kwenye usukani. Nikiachia mguu, kimya. Nikikanyaga, linaanza tena.

Baba alikuwa kiti cha nyuma. Hakulalamika. Nilimwona kwenye kioo amefumba macho, jasho linamtiririka, mikono yote miwili imeng'ang'ania kiti changu. Nikajua kila mtetemo unamwingia kwenye ile nyonga.

Tulifika. Lakini mzee alishuka amebadilika rangi.

Kesho yake nikaenda kwa fundi mmoja pale Kwa Mathias. Jina nalihifadhi. Gereji nzima wanamwita Injinia. Chuo kilichompa huo uinjinia sijakijua, nadhani alijitunuku mwenyewe.

Sijamaliza hata sentensi ya kwanza, akanikata.

"Madam, hizo ni plagi."

Hakuwasha gari. Hakulipanda. Hakuuliza linatetemeka wakati gani. Amesimama tu na soda yake mkononi, ameshajua.

Plagi zikabadilishwa. Nikafika Picha ya Ndege, mtetemo uleule. Nikarudi.

"Basi ni koili."

Koili zikabadilishwa. Mtetemo uleule. Nikarudi tena, na yeye wala hakuona aibu.

"Mauntini hizo, raba zinazoshikilia injini zimechoka."

Safari hii aliingia uvunguni kabisa. Akatoka na tambara limejaa grisi nyeusi, akanionyesha kwa fahari. "Kulikuwa na uchafu umerukia huku kwenye giaboksi, nimekufutia." Nikamshukuru! Ndiyo wakuu, nilimshukuru.

Mauntini mpya, mtetemo wa zamani.

Nilipomrudia mara ya nne alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akatabasamu.

"Madam, pengine tatizo ni mguu wako. Nyie akina mama mnakanyaga mafuta kwa hasira."

Mafundi watano waliokuwa pale wakacheka. Nilitamani kumjibu, nikakumbuka funguo za gari anazo yeye.

Nikahama. Nikaenda kwa jamaa mwingine Maili Moja, huyu ana skana. Shati limenyooka, kompyuta mezani, maneno ya Kizungu mengi kuliko vifaa. Akachomeka mashine yake, akasubiri. Skrini ikasema gari halina kosa lolote.

Mtu muungwana hapo angesema, "Dada, sijui."

Yeye akaguna kama daktari bingwa. "Giaboksi imekufa hii. Badilisha nzima."

Nikamuuliza, "Mashine imeandika wapi kwamba giaboksi imekufa?"

"Mashine haisemi kila kitu. Uzoefu ndio unasema."

Sasa kama uzoefu wako unasema, hiyo mashine uliichomeka ya nini? Urembo?

Shuleni wanafunzi wangu wakishindwa swali huwa nawaambia waandike walichofikiri, nitawapa alama za njia. Huyu hakuwa hata na njia.

Siku ya clinic ikafika. Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "si ungekodi gari lingine?" Nilikodi, mkuu. Dereva akafika mpaka mlangoni, baba akagoma kutoka. Alikuwa ameshaogopa gari lolote lile.

Nilimpigia simu kumbembeleza.

"Mwanangu," akaniambia, "ile safari nilidhani mfupa umeachana tena. Niache. Nitapona hapahapa."

Baba yangu si mtu wa kudeka. Nikakata simu nikalia chooni shuleni, kisha nikaingia darasani.

Clinic hiyo ikapita. Iliyofuata nayo ikapita.

Jumamosi moja nikaenda Kisarawe kumwona. Nilikuwa naliendesha lile gari taratibu kama nimebeba mayai. Nikapaki jirani na banda la fundi bajaji anayeitwa Zuberi, mtu wa makamo, familia yao ipo mtaa ule tangu hatujazaliwa. Alikuwa amesikia gari likipandisha.

"Dada, hii gari inatetemeka tangu lini?"

Na mimi, mwathirika wa dharau za watu, unajua nilimjibu nini?

"Wewe si fundi wa bajaji?"

"Ndiyo," akasema. "Nimeuliza tu." Akarudi kwenye kazi yake.

Nilisimama pale nikijiona Injinia mtupu. Nikamfuata, nikamwomba radhi, nikamweleza kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza.

"Ukiwa umesimama ukakanyaga mafuta, inatetemeka?"

"Hapana."

"Ukiachia mguu barabarani?"

"Inatulia palepale."

"Ukishuka mteremko?"

"Haina shida."

"Ukipakia watu?"

"Inazidi."

Akanawa mikono. "Twende."

Akapanda mbele, akavua kandambili, akaweka nyayo sakafuni. Tukapanda kile kilima. Gari likatetemeka. Yeye anasikiliza kwa miguu. Tuliporudi akatandika gunia, akaingia uvunguni, akaniita na mimi nichungulie.

Akanionyesha mpira unaofunika joint, kile kiungo cha ndani cha shafti, yaani chuma kinachopeleka nguvu kutoka giaboksi mpaka tairi la mbele. Upande wa kushoto mpira ulikuwa umechanika. Grisi imetapakaa, mchanga umeingia.

"Grisi ikiisha, kikombe cha ndani ya joint kinaliwa. Ukikanyaga, shafti inacheza. Hata bajaji zinafanya hivi. Injini yako nzima, giaboksi nzima."

Wakuu, ile grisi ndiyo Injinia aliyonifutia. Alishika jibu kwa mkono wake mwenyewe, akaliita uchafu, akalitupa kwenye ndoo.

Nikamwambia Zuberi anirekebishie. Akakataa. "Mimi nafungua za bajaji. Hii mpelekee fundi wa magari, mwambie shafti ya kushoto, joint ya ndani."

Huyo ndiye mtu pekee katika habari hii aliyejua mwisho wa ujuzi wake.

Nilirudi Kwa Mathias makusudi. Ningeweza kwenda kwingine, ila nilitaka Injinia afungue mwenyewe. Nikamweleza alichoona fundi bajaji.

"Bajaji ndiyo imekufundisha gari?" akaniuliza.

"Fungua shafti ya kushoto."

Akafungua huku ananung'unika. Kikombe kilikuwa na mashimo unayoweza kuyahisi kwa kucha. Wale waliocheka siku ile wakasogea kuangalia. Safari hii hakucheka mtu.

Injinia akakigeuzageuza, akakohoa, akasema: "Na mimi nilikuwa nashuku hapohapo."

Kuna uongo ukiujibu unaupa kiti.

Shafti mpya ikafungwa. Nikalipandisha kile kilima cha Kisarawe bila mtetemo hata wa kuamsha mtoto. Ilinichukua siku mbili kumshawishi baba apande. Alipopanda alishika kiti changu tena kwa mikono miwili. Tulipofika Kiluvya aliachia mkono mmoja. Mlangoni mwa hospitali aliachia wa pili.

Daktari alimkagua, akauliza kwa nini hatukuonekana zaidi ya mwezi. Akasema misuli imekaza, mazoezi yataanza upya, na fimbo ambayo angeiacha mapema sasa atakuwa nayo kwa muda mrefu, pengine siku zote.

Gari lilipona ndani ya nusu siku. Baba bado anachechemea.

Funzo langu: fundi asiyekuuliza swali na asiyepanda gari lako, usimkabidhi funguo, hata akiwa na skana tatu. Na anayekuuliza vizuri, usimkague kibandani kwake anatengeneza nini.

Waliowahi kubadilishiwa nusu ya gari kwa kubahatisha, karibuni mshushe yenu hapa. Na kama Injinia yumo humu, aje tu. Leo tutamsikiliza mpaka amalize sentensi.