Bibi Juliana na Swali la Ngazi

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya chai ya Igowole, wilayani Mufindi. Blandina Kihwele anavua buti zake za mvua mlangoni kwa Bibi Juliana Mgaya na kutoa kwenye mkoba karatasi iliyofungwa ndani ya nailoni.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mwanangu. Umekuja tena kunipima pumzi kwa maneno?"

Bibi anatania, ila kazi yenyewe ndiyo hiyo. Blandina, 38, ni mhudumu wa afya kijijini. Huu ni mwaka wa pili anazungukia kaya 42 zenye wagonjwa wa mapafu wa muda mrefu, akiwasomea dodoso la utafiti lenye maswali manane. Kila jibu lina alama, kuanzia sifuri mpaka tano, na kadiri alama zinavyozidi ndivyo mapafu yalivyo taabani. Anayefikisha kumi anaitwa kliniki, anapimwa kwa mashine na kuanzishiwa dawa ya kuvuta.

"Mashine iko mjini," anasema. "Huku mashine ni mdomo wangu na haya masikio."

Mdomo huo, anakiri mwenyewe, nusura umponze Bibi Juliana.

Bibi ana miaka 67. Kwa miaka 26 alipikia wanafunzi uji na makande kwa kuni, kwenye jiko la shule lenye kidirisha kimoja. Mwaka jana Blandina alipomhoji mara ya kwanza, alimsomea swali kama lilivyoandikwa: ukipanda ngazi za ghorofa moja, unaishiwa pumzi kiasi gani?

Bibi hajawahi kuishi karibu na ghorofa. Ngazi anayoijua yeye ni ile ya miti, ya kuchumia maparachichi.

"Nikamwambia ngazi wanapanda wajukuu," anasimulia huku akicheka mpaka anakohoa. "Mimi tangu mwaka juzi sijapanda. Sasa nihemee wapi? Nikasema andika sifuri."

Kazi za nyumbani je? Hazimchoshi, ameshaziacha. Kutoka nyumbani? Hana wasiwasi, maana hatoki. Jumla ikawa alama tano, yaani kliniki haimhusu.

Wahoji walikatazwa kabisa kufafanua maswali. Blandina akafunga karatasi, bibi akainuka kumsindikiza. Hakufika mbali. Alishika nguzo ya kibaraza, midomo imebadilika rangi, akaaga kwa mkono kwa sababu sauti haikutoka.

"Niliona aibu," anasema Blandina. "Karatasi inasema mzima, na mimi namwona kwa macho yangu hapumui. Ningeongeza alama kwa kalamu yangu, hilo kosa. Ningenyamaza, hilo ndilo kosa zaidi."

Akampigia simu Dk. Asukile Mwakalinga, msimamizi wa utafiti huo aliyeko Mbeya, huku akijua kuwa wenzake wawili walishaondolewa kwa kukiuka utaratibu.

"Daktari, tunamuuliza kinachomchosha," alimwambia. "Hakuna kinachomchosha, ameacha vyote. Naomba nimuulize ameacha nini."

Badala ya barua ya kufukuzwa kazi, wiki iliyofuata alifika daktari mwenyewe, akakaa kwenye kigoda jikoni kwa bibi na kusikiliza. Blandina akauliza kwa namna yake: kupanda kutoka mtoni na ndoo, mara ya mwisho ilikuwa lini? Mbona uliacha?

Bibi akataja mto. Akataja bustani ya mboga. Kisha akataja kwaya ya usharika, alikoimba sauti ya pili kwa miaka thelathini.

"Nilijitoa mwenyewe," alisema, "nisije nikawaharibia wimbo."

Daktari akaagiza alama ziandikwe kwa majibu hayo. Safari hii alama zilikuwa ishirini na saba, na vipimo vya kliniki vikathibitisha kuwa hali yake ni mbaya. Bibi akaanza dawa.

Leo hii karatasi inasoma kumi na tatu. Jumapili iliyopita aliimba mapambio mawili, ameketi, na Blandina analisema hilo kwa furaha isiyofichika. Maswali mapya sasa yanajaribiwa Mbeya na Iringa, na mwezi ujao yeye ndiye atakayewafundisha wahoji kumi na wawili huko Ipogolo, Iringa.

"Nitawaambia, mtu akikujibu haraka kwamba hana shida, usiandike kwanza. Kaa."

Bibi Juliana ana lake moyoni. Blandina anapokunja karatasi, bibi anamuuliza taratibu, "Sasa hizi alama zikishuka chini ya kumi, mtanifuta?"

"Dawa utaendelea nayo, bibi. Hakuna wa kukufuta."

"Sisemi dawa. Nasema wewe."

Blandina anamshika mkono. "Mimi nitakuja. Siku hiyo karatasi nitaiacha nyumbani."

"Basi acha zishuke," anasema bibi.